Namba zinazofuatana: tunavyoamini na ilivyo

Mwambie mchezaji wa bahati nasibu ajaze tiketi yake 1, 2, 3, 4, 5, 6. Wengi watakukatalia papo hapo: namba hizo haziwezi kutoka hata siku moja. Mpe 4, 17, 23, 31, 38, 45 naye atazipokea bila neno, maana hizo zimechanganyika. Dhana hii ndiyo iliyoenea kuliko zote kuhusu namba zinazofuatana, kwa hiyo nitaanza nayo na kukaa nayo kidogo.

Katika mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49, kuna michanganyiko 13,983,816. Kila mmoja una nafasi ileile ya kutoka. Mipira haina kumbukumbu, na mpira wa 4 haujui kama wa 3 umeshachomoka. Kinachotupotosha ni kwamba michanganyiko iliyo na mfuatano kamili ni 44 tu, kuanzia 1 hadi 6 mpaka 44 hadi 49, huku iliyobaki ikiwa ni mamilioni. Ni kweli basi kwamba mfuatano kamili, kama kundi, hutoka kwa nadra mno. Lakini mchezaji hanunui kundi zima. Ananunua mchanganyiko mmoja, na huo mmoja alioujaza kwa kurukaruka una uzito sawasawa na 1 hadi 6.

Ukishusha kiwango kutoka mfuatano kamili hadi jozi moja tu, kama 22 na 23, mambo hugeuka kabisa. Michanganyiko 6,924,764 ina angalau jozi moja ya namba zinazofuatana. Hiyo ni karibu nusu ya yote. Anayekwepa kuweka namba mbili jirani akidhani anajiongezea nafasi ameitupa nusu ya michanganyiko bila sababu yoyote.

Mwaka 2020, tarehe 1 Desemba, droo ya PowerBall ya Afrika Kusini ilitoa 5, 6, 7, 8 na 9, na mpira wa ziada ukawa 10. Watu walipiga kelele za wizi, na tume ya bahati nasibu ya nchi hiyo ikasema itachunguza. Kilichowashtua zaidi ni idadi ya washindi: watu 20, kila mmoja akiondoka na takriban randi milioni 5.7. Wengine 79 walipata namba tano za kwanza wakakosa mpira wa ziada. Ziangalie hesabu hizo mbili kwa pamoja. Watu 99 walikuwa wamejaza 5 hadi 9. Mpira wa ziada huchaguliwa kati ya 20, kwa hiyo kama wote 99 wangeuchagua kiholela, tungetarajia watano hivi waipate 10. Waliipata 20, kwa sababu aliyekwisha kuandika 5, 6, 7, 8, 9 mkono wake huendelea wenyewe hadi 10. Wingi wa washindi unaelezeka kwa tabia ya wanunuzi wa tiketi, na wala si dalili kwamba mipira ilichezewa.

Hapo ndipo dhana nyingine inapovunjika, ile ya wajanja: kwamba kwa kuwa kila mchanganyiko una nafasi sawa na watu wanaogopa mfuatano, basi mfuatano utakuwa wako peke yako. Sivyo. Wanaouchagua ni wengi, na zawadi hugawanywa. Hata namba zisizofuatana zinaweza kuleta msongamano zikiwa na mpangilio unaovutia macho kwenye karatasi ya kujazia. Nchini Uingereza, Januari 1995, namba 7, 17, 23, 32, 38 na 42 ziliwapatia ushindi watu 133. Zawadi ya pauni milioni 16 ikageuka pauni 122,510 kwa kila mtu.

Tofauti kati ya kinachochaguliwa na mashine na kinachochaguliwa na binadamu inaonekana vizuri zaidi kwenye namba za siri. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, na ungedhani kila mmoja una mtumiaji mmoja kati ya elfu kumi. Mwaka 2012 ulitolewa uchambuzi wa namba za siri milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja mtandaoni. Namba 1234 peke yake ilibeba karibu asilimia 11. Ikiwa ndiyo inayolinda pesa zako kwenye simu, ibadilishe leo, na usiigeuze tu iwe 4321.

Dhana: Pai, ile namba ya duara (3.14159...), ina kila mfuatano wa tarakimu unaoweza kuutaja.

Hili husemwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, pamoja na nyongeza kwamba namba yako ya simu imo humo. Wanahisabati wengi wanaamini ni kweli, lakini hakuna aliyelithibitisha mpaka leo. Tarakimu kutokuwa na mwisho na kutojirudia hakutoshi kuhakikisha kwamba kila kitu kimo. Kilichopo ni kutafuta na kupata. Mfuatano 0123456789 ulionekana mwaka 1997 kwenye hesabu za Mjapani Yasumasa Kanada, katika nafasi ya 17,387,594,880. Kabla ya hapo wanafalsafa wa hisabati waliutumia kama mfano wa jambo ambalo huenda lisijulikane milele.

Dhana: Gauss akiwa mtoto ndiye aliyegundua njia ya kujumlisha 1 hadi 100.

Kisa hiki wengi wamekisikia darasani: mwalimu anataka darasa litulie, anawapa kazi ya kujumlisha 1 hadi 100, na Carl Friedrich Gauss, aliyekuja kuwa mwanahisabati mkubwa wa Ujerumani, anaandika 5,050 kabla wenzake hawajafika mbali. Chanzo chake ni wasifu ulioandikwa na rafiki yake, Sartorius von Waltershausen, na kuchapishwa mwaka 1856, mwaka mmoja baada ya Gauss kufariki. Humo mna mwalimu na mna hesabu ya kujumlisha mfululizo wa namba, ila 1 hadi 100 haimo. Namba hizo ziliongezwa na wasimulizi wa baadaye.

Na njia yenyewe ilikuwa kongwe. Katika mkusanyo wa mafumbo unaohusishwa na Alcuin, mwanachuoni wa Ulaya aliyefariki mwaka 804, kuna ngazi yenye vipandio 100. Kwenye cha kwanza ametua njiwa mmoja, cha pili wawili, cha tatu watatu, hivyohivyo hadi juu. Jumla yao ni wangapi? Jibu linaunganisha kipandio cha 1 na cha 99, cha 2 na cha 98, kila jozi ikileta 100, kisha kinabaki cha 50 na kile cha juu kabisa: 5,050. Gauss hapungukiwi na chochote kwa hili. Mafanikio yake yaliyothibitishwa ni makubwa kuliko kisa hiki.

Palepale kwenye kujumlisha, wapo wanaodhani kwamba kila namba inaweza kupatikana kwa kujumlisha namba nzima chanya zinazofuatana. Ni kweli 9 ni 4+5, 10 ni 1+2+3+4, na 15 inapatikana kwa njia tatu: 7+8, 4+5+6, na 1+2+3+4+5. Jaribu sasa 8, au 16, au 32. Hutafanikiwa. Namba zote zinazotokana na kuzidisha 2 kwa 2 tena na tena zinakataa, na ni hizo tu zinazokataa, ukiiweka kando 1.

Dhana: Namba tasa hazikai mbali sana.

Mwanzoni namba hizi, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, zinakaribiana: 2, 3, 5, 7, 11, 13. Baada ya 113 lakini, inayofuata ni 127, na katikati kuna namba 13 mfululizo ambazo zote zinagawanyika. Pengo linaweza kuwa kubwa kadiri unavyotaka. Zidisha namba zote kuanzia 1 hadi 1,000,001, na tokeo tuliite Z. Z+2 inagawanyika kwa 2, Z+3 kwa 3, Z+4 kwa 4, hadi Z+1,000,001. Tayari una namba milioni moja zinazofuatana bila tasa hata moja! Uthibitisho huu wa mistari miwili ninaupenda kuliko mwingine wowote katika somo hili.

Usikimbilie upande wa pili na kudhani kwamba huko mbali tasa huacha kukaribiana. Mwaka 2013 Yitang Zhang alithibitisha kwamba jozi za tasa zilizoachana kwa chini ya milioni 70 hazina mwisho, na wenzake wakalishusha pengo hilo hadi 246. Kama jozi zilizoachana kwa 2 tu, mfano 11 na 13, nazo hazina mwisho, bado ni swali wazi.

Jozi ya 8 na 9 nayo ni ya kipekee. Ya kwanza ni 2×2×2, ya pili ni 3×3. Mwaka 1844 Eugène Catalan alidai kwamba hakuna namba nyingine mbili zinazofuatana ambazo kila moja inapatikana hivyo, kwa kuzidisha namba nzima kwa yenyewe, na uthibitisho wa Preda Mihăilescu ukapatikana mwaka 2002.

Dhana: Kalenda huhesabu bila kuruka.

Mwaka 1 kabla ya Kristo ulifuatwa moja kwa moja na mwaka 1 baada ya Kristo. Hakukuwa na mwaka sifuri, na ndiyo sababu karne ya 21 ilianza Januari 2001 ingawa dunia ilisherehekea mwaka mmoja mapema. Mwaka 1582, Italia, Hispania na Ureno zilipohamia kalenda ya Papa Gregori, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15. Tarehe zikaruka, siku za juma zikaendelea kama kawaida. Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, alifariki usiku uleule, na sikukuu yake huadhimishwa tarehe 15 Oktoba.

Kanisa lenyewe lina mapengo katika majina ya mapapa. Papa Yohane XXIII, aliyechaguliwa 1958, hakutanguliwa na Yohane XX yeyote, na kabla ya Martino IV wa mwaka 1281 hakukuwa na Martino II wala III, kwa sababu mapapa wawili walioitwa Marino walihesabiwa kimakosa kuwa Martino. Olimpiki nayo huhesabu hata isiyofanyika. Ile ya Paris 2024 iliitwa ya 33, ilhali michezo ya majira ya joto iliyofanyika kweli ni 30, kwa kuwa ya 1916, 1940 na 1944 ilifutwa kwa vita na namba zake zikabaki.