Anna Ancher: mchoraji aliyelifuata jua hadi sebuleni

Wachoraji wa Skagen, kundi la wasanii lililokusanyika Denmark mwishoni mwa karne ya 19, wakitajwa, wanaotangulia ni wanaume: P. S. Krøyer na jioni zake za ufukweni, Michael Ancher na wavuvi wake. Anna huja baadaye, tena kama mke wa Michael. Mimi nikifundisha rangi huanza naye, na simbebi kwa kuwa ni mwanamke. Katika kundi lile, yeye ndiye aliyefika mbali zaidi kwenye suala la mwanga.

Skagen iko kwenye ncha ya kaskazini ya Denmark, mji wa wavuvi juu ya mchanga, mahali bahari mbili zinapokutana. Anna alizaliwa huko mwaka 1859, katika familia ya Brøndum iliyokuwa na duka na nyumba ya wageni. Wachoraji walipoanza kumiminika miaka ya 1870, walifikia kwao. Wenzake, basi, walikuwa wageni. Yeye alikuwa mwenyeji, na kazi zake zinalionyesha hilo. Hakuwachora watu wa Skagen kama vioja vya kwenda kusimulia Copenhagen. Alimchora mama yake, mtumishi wa jikoni, bibi kipofu aliyeketi chumbani kwake juani.

Akademia ya Kifalme ya Sanaa ilikuwa bado haipokei wanawake. Ilikuja kuwafungulia mlango mwaka 1888. Kwa hiyo alisoma Copenhagen katika shule binafsi ya Vilhelm Kyhn. Inasimuliwa kwamba alipoolewa mwaka 1880, mwalimu huyo alimshauri akavitupe vifaa vyake vya rangi baharini, maana sasa ana nyumba ya kutunza. Hakuvitupa. Alimzaa Helga mwaka 1883 na kuendelea kuchora, na mwaka 1889 alikuwa Paris akijifunza kwa mchoraji Mfaransa Puvis de Chavannes.

Kazi ninayowaonyesha wanafunzi kwanza ni ile ya jua katika chumba cha bluu, ya mwaka 1891. Turubai si kubwa, kama sentimita 65 kwa 59. Helga, bado mtoto, ameketi katika chumba cha bibi yake akifuma. Ametupa mgongo, nywele zake za rangi ya dhahabu zimeshuka mgongoni. Uso wake hatuuoni, kwa hiyo jicho linahamia ukutani, na hapo ndipo penye habari yenyewe: jua limepita dirishani na kuacha mabaka ukutani, na ndani ya mabaka hayo kuna vivuli vya mimea.

Tazama alivyofanya. Mwanafunzi akitaka kuonyesha jua kwenye ukuta wa bluu hukimbilia nyeupe, anachanganya, na ukuta unaonekana kama umemwagiwa unga. Anna anaibadilisha rangi yenyewe. Palipopigwa na jua, bluu inapauka na kuvutwa kuelekea njano. Pasipopigwa, inabaki bluu nzito, si nyeusi. Kisha sakafu ina wekundu wa chungwa, rangi inayopingana na bluu, na upinzani huo ndio unaoufanya ukuta uwake. Ukitaka kuhakiki, ziba sakafu kwa kiganja: chumba kizima kinapoa papo hapo.

Mbinu hii alikuwa nayo hata kabla ya Paris, kwa hiyo wanaosema aliitoa Ufaransa wanaharakisha mno. Ile picha ya mtumishi jikoni, aliyoimaliza mwaka 1886, tayari ina dirisha lenye pazia la njano linalochuja jua, na mbele yake mwanamke mwenye sketi nyekundu, naye ametupa mgongo.

Sifa alizipata akiwa hai, ikiwemo nishani ya kifalme ya Ingenio et Arti mwaka 1913, na baada ya kifo chake mwaka 1935 sura yake ikawekwa, pamoja na ya Michael, kwenye noti ya kroner 1,000. Ila kwangu ushahidi mkubwa ni michoro midogo ya mafuta ya miaka yake ya baadaye. Helga aliiacha nyumba yao ya mtaa wa Markvej, Skagen, iwe makumbusho, yakafunguliwa mwaka 1967, na kadiri michoro hiyo ilivyojulikana, ndivyo wataalamu walivyolazimika kumtazama upya. Katika mmoja, jua la jioni ndani ya studio yake, hakuna mtu wala kisa: ni ukuta na vipande vya mwanga tu. Michael, ambaye mashua zake nazipenda kwa dhati, hakuwahi kuthubutu kiasi hicho.