Nyumba ya mzee: yanayosemwa msibani na yanayosemwa na sheria

Ugomvi wa nyumba ya familia huanza mapema, mara nyingine hata turubai la msiba halijashushwa. Ukisikiliza vizuri utagundua si roho mbaya peke yake: kila mmoja ana "sheria" aliyoisikia mahali, na nyingi ya sheria hizo hazipo. Hapa nazungumzia Tanzania Bara na nyumba ya kawaida kabisa. Hati au leseni ya makazi ina jina la mzee, ndani anaishi mama na mtoto mmoja aliyeoa, uani kuna vyumba vya wapangaji.

"Msimamizi wa mirathi ndiye mwenye nyumba." Naanza na hii kwa sababu ndiyo yenye madhara makubwa. Msimamizi amepewa kazi na mahakama: akusanye mali ya marehemu, alipe madeni, agawe kinachobaki kwa warithi, kisha arudishe hesabu. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa awasilishe orodha ya mali na madeni, ile fomu namba 5, ndani ya miezi 4. Baadaye hufuata fomu namba 6 inayoonyesha nani kapata nini. Anaweza kuwa mmoja wa warithi, lakini usimamizi wenyewe haumwongezei hata tofali moja.

Mkanganyiko una chanzo chake. Mirathi ikifunguliwa, jina la msimamizi huingia kwenye daftari la Msajili wa Hati, na kaka mkubwa anatoka pale na hati yenye jina lake. Wenzake hawasomi maneno yanayofuata: kwamba ameandikwa kama msimamizi wa mirathi ya marehemu. Hiyo ni hatua ya katikati. Inayofuata ni kuhamisha nyumba kwenda kwa warithi, na hapo ndipo familia nyingi huchoka na kuacha. Miaka inapita, msimamizi naye anafariki, na watoto wake wanaamini kwa dhati kwamba nyumba ilikuwa ya baba yao. Anayeona msimamizi kakaa kimya ana haki ya kurudi mahakamani, adai hesabu au aombe uteuzi ufutwe. Nyumba ikilazimika kuuzwa ili mgawo ufanyike, fedha ni za warithi wote.

"Kikao cha ukoo kimeshaamua." Kikao hupendekeza, mahakama huteua. Muhtasari wa kikao unasaidia, ila hauwezi kumfanya mtu kuwa msimamizi, wala kumwondoa mrithi kwenye orodha.

"Nimeandika wosia, kwa hiyo nyumba ni ya mwanangu." Wosia husubiri kifo. Ukiwa hai unaweza kuubadili, na ukishaondoka bado lazima upelekwe mahakamani. Halafu si kila karatasi ni wosia. Kwa kanuni za wosia za kimila za mwaka 1963, wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, ikiwa mwandishi anajua kusoma na kuandika. Asiyejua anahitaji 4. Kwa Mwislamu anayefuata sheria ya dini yake, wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na haumpi mrithi nyongeza mpaka warithi wenzake waridhie. Baba anayedhani ataandika nyumba nzima kwa kitindamimba anajidanganya. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na hapo ni salama kuliko chini ya godoro. Wanaosema kuandika wosia ni kujichuria siwajibu. Wanaoteseka ni watoto wao.

"Bora nimwandikie mtoto sasa hivi, tukwepe mahakama." Hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana inanasa wengi. Ukimpa mtoto nyumba ungali hai na uhamisho ukakamilika ofisi ya ardhi, nyumba haimo tena kwenye mirathi yako. Lakini haimo pia mikononi mwako. Mtoto anaweza kuiweka rehani benki. Akifa kabla yako, inaingia kwenye mirathi yake yeye, na mkweo na wajukuu wana madai kuliko wewe unayelala chumba cha mbele. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kuweka rehani au kutoa zawadi nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mzee anayempa mwanawe nyumba kimyakimya huku mama yuko jikoni amefanya jambo linaloweza kubatilishwa. Kwa Waislamu, hiba, yaani zawadi ya mtu aliye hai, inataka makabidhiano ya kweli, na ile inayotolewa mtu akiwa katika ugonjwa wa kufa huchukuliwa kama wosia, ikarudi kwenye theluthi ileile.

Wengine huongeza jina la mtoto pembeni ya lao. Uliza kwanza ni umiliki wa namna gani. Kuna umiliki wa pamoja, ambao Sheria ya Ardhi inauruhusu kwa mume na mke tu isipokuwa mahakama itoe ruhusa, ambapo mmoja akifa fungu lake huenda kwa aliyebaki, na kuna umiliki wa mafungu, ambapo fungu la marehemu huingia kwenye mirathi yake. Kwa mwenye watoto watano, tofauti hiyo ni kubwa mno.

"Binti ameolewa, hana chake." Inategemea sheria ipi inatumika, maana ziko tatu, na mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi. Ya Kiislamu inampa binti fungu lake, nusu ya la kaka yake. Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, inayotumika bado kwa wengi walioishi nje ya mila, inampa mjane theluthi, na watoto wanagawana sawa kinachobaki. Kanuni za kimila za 1963 ndizo zinazomweka binti daraja la mwisho. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya alimpa ushindi Holaria Pastory wa Kagera, aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mpwa wake akapinga. Hukumu hiyo ilifungua mlango wa kuuza, lakini kanuni za mgawo hazikufutwa. Mzazi anayetaka binti zake wapate afadhali aandike.

"Hati ikishatoka ni ya milele." Ardhi yote ni ya umma, na hati miliki ina muda, usiozidi miaka 99, nyingi ni za miaka 33 au 66. Iliyotolewa mwaka 1994 kwa miaka 33 inaisha 2027, na kama jina lililomo ni la marehemu, lazima kwanza apatikane msimamizi wa kwenda kuomba ihuishwe.