Kutoa kibao cha siri kwenye redio kol hakukufungulii maongezi ya watu

Hapa Arusha ukikaa na madereva wa safari lazima uisikie hii, eti ukifungua redio kol ya mkononi ukatoa kile kibao kidogo cha saketi cha kuficha sauti, ukaunga waya pale kilipokaa, basi unanasa siri za kila mtu. Hapana jamani. Kwenye redio nyingi za zamani kibao hicho kinakaa katikati ya njia ya sauti, ukikitoa njia inakatika na redio inakuwa bubu, ndo maana fundi anaunga waya sauti ipite moja kwa moja. Hapo umepata redio ya kawaida, basi. Ile sauti iliyofungwa utaisikia shhhh vilevile kama mvua kwenye bati, kwa sababu kinachofungua ni ufunguo, yaani namba ndefu (njia ya kufunga sauti iitwayo DES ina biti 56, ile ya AES mpaka 256), na huo ulikuwa humohumo kwenye kibao ulichotupa kwenye droo, tena vingine vikikosa umeme vinaufuta vyenyewe. Nadhani watu wanachanganya na zile skrambla za bei chee zinazogeuza sauti tu, nene inakuwa nyembamba, hizo kweli redio nyingine yenye skrambla hiyohiyo inazigeuza fasta.