Mikopo ya kausha damu: kagua leseni, hesabu na dhamana kabla ya kusaini

Malalamiko mengi ya mikopo ya kausha damu, yaani mikopo ya mitaani yenye gharama inayomkamua mkopaji, hutufikia yakiwa yamechelewa. Pikipiki imeshachukuliwa, kadi ya benki ya mwalimu imefungiwa kwenye droo ya mkopeshaji, au picha ya mdaiwa imetumwa kwa ndugu zake wote ikiwa na maneno "tapeli anatafutwa". Mlalamikaji akiombwa mkataba, anasema hakupewa nakala. Akiulizwa jina la kampuni, anataja jina la kijana aliyekuwa akipita kukusanya marejesho. Huwezi kumwajibisha mtu usiyemjua, na hapo ndipo mashauri mengi yanapokwama.

Tuanze na leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, na hawa hupewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania. La tatu ni SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, zinazopewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA, vinavyosajiliwa kupitia halmashauri. Mkopeshaji wa kausha damu hujificha kwenye daraja la pili, au hujiita kikundi ilhali anakopesha kila apitaye.

Hapa lazima tuseme waziwazi, kwa sababu jambo hili limeelezwa mara nyingi na bado linarudi: cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni na majina ya biashara, si leseni ya kukopesha. TIN, yaani namba ya mlipakodi, si leseni ya kukopesha. Leseni ya biashara ya halmashauri iliyotundikwa ukutani pamoja na kalenda si leseni ya kukopesha. Mtu anaweza kuwa navyo vyote vitatu na bado akawa anavunja sheria kila anapotoa mkopo. Kukopesha bila leseni katika daraja la pili ni kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka miwili, au vyote viwili. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Tafuta jina la kampuni kama lilivyoandikwa kwenye mkataba, herufi kwa herufi, maana wapo wanaotumia majina yanayokaribiana na ya wenye leseni. Kwa mikopo ya simu, Benki Kuu ilitangaza mwaka 2024 programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Programu kutokuwemo kwenye orodha hiyo hakuthibitishi kuwa ni halali. Kinachothibitisha ni leseni.

Dalili nyingine ni mkopeshaji wa daraja la pili kukutaka uweke "akiba" kwake kwa wiki kadhaa ndipo akukopeshe. Leseni yake haimruhusu kupokea amana za wananchi. Akiondoka na fedha hizo, usitarajie bima ya amana kama ile inayomlinda mteja wa benki.

Sasa hesabu, na hapa tunaomba mchukue kalamu. Kikomo cha riba kwa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Si bei rahisi, maana kwa mwaka inafika asilimia 42, lakini angalau inajulikana. Chukua mkopo wa kawaida wa mtaani: Sh 300,000 kwa wiki nane. Mkopeshaji anakata fomu Sh 10,000, bima Sh 15,000 na ada ya uchambuzi Sh 15,000. Mkononi unapokea Sh 260,000. Rejesho ni Sh 48,750 kila wiki, jumla Sh 390,000. Yeye anakwambia riba ni "asilimia 30 tu". Ukweli ni kwamba umelipa Sh 130,000 kwa kutumia Sh 260,000, yaani nusu ya ulichopokea, na fedha yenyewe hukukaa nayo miezi miwili kwa sababu ulianza kuirudisha wiki ya kwanza. Kwa asilimia 3.5, riba ya miezi miwili juu ya Sh 300,000 nzima, kana kwamba hujarudisha hata senti, ni Sh 21,000. Kwa hiyo usiulize riba ni asilimia ngapi. Uliza maswali mawili: napokea shilingi ngapi mkononi, na nitakuwa nimetoa shilingi ngapi siku ya mwisho? Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Faini ya kuchelewa nayo iandikwe kwa kiasi na kwa ukomo, la sivyo Sh 5,000 ya kila siku itaupita mkopo wenyewe.

Watumishi wa umma wanahitaji maelezo yao. Utaratibu unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Benki ikishafika ukomo huo hukataa kuongeza mkopo, naye mtumishi huenda kwa anayetaka kadi ya benki na namba ya siri, kwa sababu huyo hapiti kwenye orodha ya mishahara. Kwa njia hiyo ile theluthi iliyowekwa ili familia ipate kula ndiyo inayoliwa. Tena masharti ya akaunti yako yanakukataza kumpa mtu yeyote namba ya siri. Fedha zikitolewa zaidi ya mlivyokubaliana, benki itakuuliza wewe kwa nini uliitoa. Nenda benki, zuia kadi, omba mpya. Deni litabaki na utalilipa, lakini kwa kiasi kinachojulikana.

Tatizo linalokua kwa kasi ni dhamana inayoandikwa kama mauziano. Mkopaji anasaini "Mkataba wa Mauziano ya Pikipiki" badala ya mkataba wa mkopo. Sehemu ya tarehe imeachwa wazi, bei imejazwa, kadi ya pikipiki imeambatanishwa, na serikali ya mtaa imegonga muhuri. Rejesho likikosekana, mkopeshaji anajaza tarehe na kuwa mnunuzi. Mahakama huanza na maandishi, na maandishi yanasema uliuza. Usisaini karatasi yenye nafasi wazi. Piga mstari kila palipobaki patupu, kisha piga picha kila ukurasa kabla ya kuinuka kitini. Kwa nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi mmoja kuiweka rehani au kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Saini ya "shahidi" si ridhaa ya mwenzi.

Kwa viongozi wa mitaa: kugonga muhuri kwenye mauziano unayojua ni mkopo ni kuukopesha uongo muhuri wa umma. Ukipokea chochote ili ugonge, umeingia kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15: faini ya Sh 500,000 hadi milioni moja, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote. Mwananchi aliyeombwa fedha apige 113, TAKUKURU, bila malipo.

Kuhusu kudhalilishwa: kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, na polisi si wakusanya marejesho. Programu inayoomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako inajiandalia watu wa kuwatumia ujumbe. Inyime ruhusa hiyo. Matumizi hayo yanagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko yake hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Unyanyasaji wa mtandaoni, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ni faini isiyopungua Sh milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote, na huo ni wa polisi.

Wapo pia wanaosema mtaani kwamba mkopeshaji akikosa leseni deni limekufa. Hatutoi kauli hiyo, na msiieneze kwa jina letu. Hatima ya mkataba wa namna hiyo huamuliwa na mahakama. Kukopa kwa watano huku ukimwambia kila mmoja huna deni kwingine, au kuweka dhamana ya mali ya jirani, ni udanganyifu vilevile.

Ukilalamika, anza kwa barua kwa mkopeshaji, na asaini nakala yako kuwa ameipokea. Asipojibu, peleka Benki Kuu maelezo ya ukurasa mmoja: jina kamili la mkopeshaji, tarehe, kiasi ulichopokea, kila rejesho na namba ya muamala, na picha za ujumbe zinazoonyesha namba iliyotuma. Usifute ujumbe wa matusi, maana ndio ushahidi. Mkataba peleka kivuli, halisi ibaki kwako.