Nyuma ya mlinda amani kuna nini? Utayari wa jeshi letu katika misheni za kimataifa

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wananchi ni hili: kama Umoja wa Mataifa una askari wake, kwa nini vijana wetu ndio wanaokwenda kufia Kongo? Jibu ni kwamba Umoja wa Mataifa hauna jeshi. Mkataba wake wa mwaka 1945 ulitarajia nchi wanachama zitenge vikosi vya kudumu kwa ajili ya Baraza la Usalama, lakini jambo hilo halikutekelezwa hadi leo. Anayevaa kofia ya bluu ya mlinda amani ni askari wa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), wa Nepal, wa Bangladesh au wa Rwanda, ambaye nchi yake imemtoa kwa hiari na ina haki ya kumrudisha.

Tanzania haikuanza jana. JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya Januari mwaka huo, na tangu mwanzo ililelewa katika siasa ya ukombozi wa Afrika. Baada ya vita vya Kagera zikaja kazi za nje: Liberia katikati ya miaka ya 1990, Anjouan nchini Comoro mwezi Machi 2008, na pia Lebanon, Darfur, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Kongo ndiko kulikobadilisha maana ya kazi yenyewe. Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda, ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, brigedi maalumu ya kuingilia kati yenye askari wapatao 3,000 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Brigedi hiyo ilipewa ruhusa ya kuvifuata vikundi vyenye silaha na kuvipiga, bila kusubiri vianze. Kufikia Novemba 2013, wakipigana bega kwa bega na jeshi la Kongo, waliwang'oa waasi wa M23 kwenye vilima vya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, na kundi hilo likatangaza kusitisha uasi. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini ushindi ule ulituachia dhana kwamba utayari ni ushupavu wa askari tu.

Tarehe 7 Desemba 2017 jioni, wapiganaji waliotajwa kuwa wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, walikivamia kituo cha askari wetu kwenye daraja la mto Semuliki, katika barabara ya Mbau kwenda Kamango, wilaya ya Beni. Mapigano yalidumu kwa saa nyingi usiku ule. Watanzania 15 waliuawa, zaidi ya 40 walijeruhiwa na mmoja hakupatikana. Katibu Mkuu António Guterres alilitaja shambulio hilo kuwa baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya karibuni.

Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa uliofuata ndio ningependa kila Mtanzania auelewe. Wachunguzi walikuta kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka nguvu za ziada na kuwaokoa waliozingirwa. Walikuta udhaifu katika amri na uongozi, na upungufu wa vitu ambavyo kikosi cha miguu hakiwezi kuishi bila hivyo: ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia. Walitaja pia mapengo katika mafunzo ya brigedi yenyewe, na hilo nasi tusilikwepe.

Angalieni suala la majeruhi peke yake. Umoja wa Mataifa una kanuni ya 10, 1, 2. Ndani ya dakika 10 askari aliyepigwa risasi awe amehudumiwa na mwenzake aliye karibu, yule anayejua kukaza ukanda juu ya jeraha la mguu hadi damu isimame. Ndani ya saa 1 awe mikononi mwa wahudumu wa afya wenye ujuzi wa kumwokoa. Ndani ya saa 2 awe kwenye meza ya upasuaji. Zile dakika 10 ni zetu: zinafundishwa hapa nyumbani, kwa kurudia hadi mikono ifanye yenyewe gizani. Zile saa 2, katika msitu wa Beni, ni za helikopta, rubani anayeruhusiwa kuruka usiku, na kamanda anayetoa idhini bila kuchelewa. Helikopta hiyo kwa kawaida ni ya nchi nyingine, na ina masharti ya nchi hiyo.

Watu wengi hudhani fedha za misheni huenda moja kwa moja mfukoni mwa askari. Sivyo. Umoja wa Mataifa huirudishia serikali gharama kwa kiwango maalumu kwa kila askari kwa mwezi (kuanzia Julai 2018 kilikuwa dola 1,428 za Marekani), na serikali ndiyo inayomlipa askari wake. Zana hulipiwa kando, na wakaguzi hupita kambini wakihesabu magari ya deraya yanayowaka, jenereta, mahema, jiko, hata dawa. Zana isiyofanya kazi hukatwa kwenye malipo. Kwa hiyo gari bovu lina hasara mbili: halimkingi askari, na halilipwi.

Tuna faida moja isiyonunulika. Mama muuza mihogo wa Beni anaweza kumwambia askari wa Kitanzania, kwa Kiswahili na bila mkalimani, kwamba usiku amesikia watu wageni wakivuka mto. Ila neno lile likiishia kwenye daftari la doria, halimsaidii mtu.

Imani ya mama huyo huvunjika upesi. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kurudishwa nyumbani kwa askari 60 wa Kitanzania kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya 11 kati yao. Askari anayemdhuru yule aliyetumwa kumlinda hakuwa tayari kwenda, hata kama alikuwa na shabaha kuliko wote. Mafunzo ya nidhamu na usimamizi wa maofisa yanastahili uzito uleule wa mafunzo ya silaha.

Desemba 2023 tulirudi Kivu tena, safari hii chini ya SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), pamoja na Malawi na Afrika Kusini. Walitupokea M23 waliojipanga upya na silaha nzito, na misheni ile ilifungwa Machi 2025 baada ya mji wa Goma kuanguka mikononi mwao. Jumuiya za kikanda hazina utaratibu mpana wa kurudisha gharama kama ule wa Umoja wa Mataifa. Mzigo mkubwa unabaki kwa nchi inayotoa kikosi. Wizara ya Ulinzi inapowasilisha makadirio yake bungeni, wananchi na wabunge wana haki ya kuuliza, bila kudai siri za kivita: kikosi kikizingirwa usiku, nani anakwenda kukitoa, kwa chombo gani, na ahadi hiyo imeandikwa wapi?