Yanayosemwa kuhusu McKinsey, na ukweli wake

Mwezi uliopita bodi ya chama chetu cha msingi cha kahawa, huku Uru juu ya Moshi mjini, ilikaa kwa ajenda moja tu: tumlipe mshauri mwelekezi atuandikie mpango mkakati, au tuachane naye. Kikao kilichopaswa kuisha saa nane mchana kilifika saa kumi na moja. Kijana mmoja aliyerudi majuzi kutoka chuoni alitaja McKinsey, kampuni ya Kimarekani ya ushauri wa uongozi na biashara, akasema wakubwa wa dunia hawainui mguu bila kuwauliza hao. Mzee aliyekaa karibu na dirisha akamjibu, "Mwanangu, hao ndio walioua ushirika wetu." Kila mmoja alisema kwa uhakika, na kila mmoja alikuwa ameshika kipande tu cha ukweli.

Nimefundisha utunzaji wa hesabu za ushirika kwa miaka mingi, na maneno ya aina hii nimeyasikia sana. Nayaandika hapa kwa sababu chama kinachoogopa jina kubwa, au kinacholiabudu, hulipa fedha za wanachama bila kuuliza maswali.

"Hawa ni wahasibu, kama wale wanaokuja kukagua vitabu."

Kosa hili lina mzizi wa kweli. James O. McKinsey, aliyeanzisha kampuni hiyo Chicago mwaka 1926, alikuwa profesa wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1922 alikuwa amechapisha kitabu kuhusu matumizi ya bajeti katika biashara, na wazo lake linatugusa sisi wa ushirika kuliko tunavyodhani. Wahasibu wengi wa wakati wake waliangalia nyuma: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka. Yeye alitaka hesabu zitumike kuangalia mbele. Tunatarajia kuuza nini mwaka ujao? Tutatumia kiasi gani, na nani atawajibika mambo yakienda kombo? Mkutano mkuu wa chama chetu unapokaa kupitisha makisio ya mapato na matumizi, unafanya jambo lile lile alilolihubiri profesa huyo karne moja iliyopita.

Lakini McKinsey ya leo haikagui hesabu za mtu. Kampuni kubwa zenye kazi hiyo ni Deloitte, PwC, KPMG na EY, ingawa nazo hutoa ushauri pembeni. Vyama vya ushirika hapa kwetu vina COASCO, shirika la ukaguzi. Tofauti ni kubwa, na ina maana kwa mwanachama. Mkaguzi anatia sahihi chini ya maoni yake kwamba hesabu ziko sawa au haziko sawa. Mshauri anakuachia mapendekezo na kuondoka. Anayetia sahihi chini ya uamuzi ni wewe.

"Bwana McKinsey mwenyewe ndiye aliyeijenga hadi ikawa hivi."

Hapana. Aliiacha mwaka 1935 kwenda kuongoza Marshall Field, kampuni ya maduka makubwa ya Chicago iliyokuwa mteja wake, na mwaka 1937 akafariki kwa nimonia akiwa na miaka 48. Aliyeijenga ni Marvin Bower, mwanasheria aliyejiunga nayo mwaka 1933. Mwaka 1939 upande wa Chicago ulijitenga chini ya mbia mwenzao, A.T. Kearney, Bower na wenzake wa New York wakabaki na jina la McKinsey. Hakuweka jina lake mlangoni, kwa sababu alikuwa ameona jinsi wateja walivyomng'ang'ania mwenye jina hata kama wapo wengine wanaoweza kazi.

Bower alitaka ofisi ya ushauri iendeshwe kama ofisi ya mawakili wenye heshima: maslahi ya mteja mbele, ukweli usemwe hata ukimuudhi anayelipa, na kazi isiyo na msaada kwa mteja ikataliwe. Aliiongoza kuanzia 1950 hadi 1967. Ofisi ya kwanza nje ya Marekani ilifunguliwa London mwaka 1959. Alipoachia hisa zake aliwauzia wenzake kwa thamani ya vitabuni, wakati sokoni angepata fedha nyingi zaidi. Mpaka leo kampuni haiuzwi kwenye soko la hisa. Inamilikiwa na wabia wanaofanya kazi ndani yake. Namheshimu Bower, na ndiyo maana yale yaliyotokea baadaye yananiuma.

"Mambo ya washauri wa kizungu yalikuja na ubinafsishaji. Enzi za Mwalimu Nyerere hayakuwepo."

Hapa kijana na mzee walinyamaza wote wawili nilipozungumza, maana hakuna aliyetarajia.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Miaka mitano baadaye, serikali ile ile ya ujamaa na kujitegemea ilikuwa imewapa McKinsey, kampuni ya Kimarekani, kazi ya kusaidia kupanga namna ya kuhamisha shughuli za serikali kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani. Wenye umri wanaukumbuka mpango wenyewe kwa jina la Madaraka Mikoani, wa mwaka 1972. Kila mkoa ukapata Mkurugenzi wa Maendeleo, kila wilaya wa kwake, na wataalamu wa kilimo, elimu na maji wakawekwa chini yao. Kwenye karatasi ulipangika vizuri: mipango ianzie chini, ipande wilayani, kisha mkoani, ndipo ifike kwa wakubwa.

Kilichotokea ni kwamba halmashauri za wilaya na miji, zile zilizokuwa na madiwani waliochaguliwa na wananchi, zilivunjwa. Maofisa walisogea karibu na kijiji, lakini walikuwa maofisa wa serikali kuu, wanaosubiri fedha kutoka serikali kuu na kuwajibika kwayo. Bomba la maji likipasuka, mwananchi hakuwa na diwani wa kumgongea mlango. Muongo mmoja baadaye, sheria za mwaka 1982 zilirudisha serikali za mitaa, na kufikia 1984 halmashauri za wilaya zilikuwa zimeanza tena kazi.

Basi ni nani wa kubeba lawama? Washauri walileta ramani ya utendaji: vyeo, kamati, ngazi za kupitisha mipango. Uamuzi wa kuvunja vyombo vya wananchi ulikuwa wa kisiasa, ukafanywa na wenye mamlaka. Ila sitaki kuwasafisha kirahisi. Mtu anayechora mfumo mzima wa utawala bila nafasi ya aliyechaguliwa na wananchi anapaswa kumweleza mteja wake kwamba nafasi hiyo haipo. Bower mwenyewe ndivyo alivyofundisha: mteja aambiwe asichopenda kusikia.

"McKinsey ndiyo iliyovunja KNCU."

Hili ndilo la mzee wetu wa dirishani, na sikumkatalia kwa ukali, kwa sababu alikuwa na maumivu ya kweli ndani yake. Mtu wa Kilimanjaro haongelei KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa mkoa huu, kama anavyoongelea kampuni nyingine. Ilianzishwa mwaka 1933, ikitokana na chama cha wakulima wazawa cha mwaka 1925, na kupitia humo baba zetu waliuza kahawa yao wenyewe na kusomesha watoto. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, KNCU ikiwemo, na kazi ya kununua mazao ikawekwa mikononi mwa mamlaka za mazao na vijiji.

Uamuzi huo ulikuwa wa serikali, na ulikuja miaka minne baada ya Madaraka Mikoani. Naelewa kwa nini kumbukumbu za watu zimeyafunga mambo hayo mawili kwenye kamba moja, kwa sababu hata Mwalimu aliyafunga hivyo. Katika mahojiano ya mwaka 1984 alikiri kwamba kama angeanza upya, kuna mambo asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa, na kuvunja ushirika. La kwanza lina alama za vidole vya washauri. La pili tulijifanyia wenyewe. Nilipomaliza kusema hivyo mzee alitikisa kichwa, akasema, "Hilo la pili ndilo bovu zaidi." Nilikubaliana naye.

"Wakishafanya utafiti, hawakosei."

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, iliwauliza McKinsey simu za mkononi zingepata watumiaji wangapi nchini humo kufikia mwaka 2000. Jibu lilikuwa takriban 900,000. Mwaka ulipofika, watumiaji walizidi milioni 100.

Walihesabu kwa simu waliyoiona: nzito, ghali, betri yake haikai. Namba ilikuwa ya mashine ya siku ile. Hata sisi tukikadiria mavuno kwa mibuni iliyozeeka na kusahau ile chotara iliyopandwa juzi, tutakosea vivyo hivyo.

"Yule Gupta wa McKinsey ndiye wa Afrika Kusini."

Ni watu tofauti kabisa, wasio ndugu. Rajat Gupta, mzaliwa wa Kolkata, aliongoza McKinsey kuanzia 1994 hadi 2003. Mwaka 2012 mahakama ya New York ilimtia hatiani kwa kuvujisha siri za benki ya Goldman Sachs alikokuwa mjumbe wa bodi, akahukumiwa miaka 2 jela. Kosa hilo alilifanya baada ya kuachia uongozi wa kampuni. Wale ndugu watatu wa Gupta wa Afrika Kusini ni familia nyingine, na habari yao inakuja sasa hivi.

"Kelele ni za wivu tu, kampuni ina sifa safi."

Kijana wetu alisema hivi. Nilimwomba aangalie Eskom. Shirika hilo la umeme la Afrika Kusini liliipa McKinsey kazi kubwa, ikifanywa pamoja na kampuni ya hapo hapo iitwayo Trillian, iliyohusishwa na ndugu wa Gupta na uporaji wa mali ya umma enzi za Rais Jacob Zuma. Julai 2018 mkuu wa McKinsey wa wakati huo, Kevin Sneader, alikwenda Johannesburg kuomba radhi hadharani, na kampuni ikarudisha takriban randi bilioni 1. Desemba 2024 kitengo chake cha Afrika kilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kumaliza kesi ya Marekani kuhusu kuwahonga maofisa wa Eskom na shirika la reli na bandari, Transnet.

Kisha kuna dawa za maumivu zenye ulevi. McKinsey iliishauri Purdue Pharma, watengenezaji wa OxyContin, jinsi ya kuongeza mauzo, huku Wamarekani wakizidi kufa kwa uraibu wa dawa za jamii hiyo. Mwaka 2021 ilikubali kulipa dola milioni 573 kwa majimbo ya Marekani, na Desemba 2024 dola milioni 650 nyingine kwa serikali kuu. Mbia mmoja wa zamani alikiri kosa la kuharibu kumbukumbu. Nikifika hapa nakumbuka kanuni za Bower, nasikia uchungu kama mtu aliyeona nyumba nzuri ikiingia mchwa.

Hata hivyo, hayo hayamaanishi kila anayefanya kazi humo ni mwizi. Wengi ni vijana wasomi wanaokaa miaka miwili mitatu kisha wanaondoka, kwa sababu desturi ya kampuni ni kwamba usipopanda cheo unafungasha. Sundar Pichai, mkuu wa Google, alipita humo.

Tuliporudi kwenye ajenda yetu, niliwakumbusha wajumbe yaliyotupata sisi wenyewe. Miaka kadhaa nyuma tulimlipa mshauri mmoja wa mjini, akatuletea mpango wenye jalada zuri. Ukurasa wa 14 ulizungumzia mavuno ya korosho. Alikuwa amenakili kazi aliyoifanya kwingine, na bodi, mimi nikiwemo, ilipokea bila kusoma. Fedha ile ilikuwa makato ya kilo za kahawa za wajane na wazee wetu.

Safari hii tumeandika hadidu za rejea sisi wenyewe, kurasa mbili. Malipo yatatolewa kwa awamu, na awamu ya mwisho haitoki mpaka mkutano mkuu uwe umesomewa mpango wote na kuuliza maswali. Kifungu cha tatu kinamtaka mshauri, kabla hajaandika neno, akae siku tano ghalani kwetu wakati wa msimu, kando ya mizani, akiwasikiliza wanaoleta kahawa.