Titaniamu, plastiki au mfupa wako mwenyewe?

Ndugu wa mgonjwa aliyevunjika sakafu ya tundu la jicho huniuliza, "Daktari, mtamwekea chuma?" Kabla ya kujibu narudi kwenye picha ya CT kutafuta kitu kimoja: kule nyuma ya ufa, kuna ukingo wa mfupa uliobaki mzima?

Sakafu ya tundu la jicho ni nyembamba, nusu milimita hivi. Ngumi ikitua, hupasuka, na mafuta yanayozunguka jicho hushukia kwenye sainasi ya shavu, uwazi wenye hewa ulio chini yake. Tundu zima lina ujazo wa mililita 30 tu. Likitanuka kwa mililita mbili, jicho linaonekana limezama.

Ufa mdogo wenye kingo imara haunisumbui. Karatasi ya PDS, plastiki inayoyeyuka mwilini, inatosha. Huisha baada ya miezi, kovu likiwa limeshashika. Kwenye shimo kubwa italegea, na jicho litazama nayo.

Hapo nachukua wavu wa titaniamu. Unakunjika, unabaki na umbo lake, na kwenye CT ya baada ya upasuaji naona wazi kama umekalia ule ukingo wa nyuma au umeingia kwenye sainasi. Ubaya wake ni ncha: ukiukata ovyo unanasa mafuta kama miiba, na tishu zikishaota kwenye matundu ya wavu, kuutoa ni shughuli. Ndiyo maana kabla ya kushona nashika kano ya msuli wa chini kwa koleo na kulizungusha jicho. Likikwama, wavu unatoka.

Polietilini yenye vinyweleo, ile plastiki, ni laini zaidi, lakini ikiwa peke yake haionekani vizuri kwenye CT. Iliyotiwa titaniamu ndani ndiyo ningeichagua kila mara, bei ingeruhusu. Silikoni siitumii: mwili hauishiki, na inaweza kuhama hata miaka mingi baadaye.

Mfupa wa mgonjwa mwenyewe, wa fuvu au nyonga, hausemwi vibaya na mtu, eti ni wa bure. Una jeraha la pili na muda zaidi wa ganzi, haukunjiki, na kiasi kitakachonyonywa na mwili hakitabiriki. Wa nyonga hunyonywa zaidi.

Watoto ni habari nyingine. Mfupa wao hupinda, kisha hurudi na kuubana msuli. Jicho linaweza kuwa jeupe kabisa, bila wekundu, huku mtoto anatapika na hawezi kutazama juu. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Habari ya kipandikizi tutaijua tukishaunasua msuli, na mara nyingine hahitaji chochote.